Tundu la Barua Mlangoni mwa Dada

Ukitaka kutoboa tundu la barua mlangoni, usianze na msumeno. Anza kwa kukaa. Weka kiti mbele ya mlango, ukae, uutazame mpaka ujue mbao zake zimelala upande gani na jua linaupiga saa ngapi. Baba yangu alikuwa seremala, Unguja kwanza, kisha Matrah hapa Omani, na hivyo ndivyo alivyonifundisha. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya wasichana, na nimewaambia wanafunzi wangu maneno hayo hayo kwa miaka mingi: kazi yoyote ya mkono inawezekana, mradi usiione kubwa kabla hujaigusa.

Lakini kwanza nieleze tundu lenyewe lilitokea wapi, kwa sababu nyumba za mji huu hazina kitu hicho. Barua zetu huishia sanduku la posta. Mleta mzigo hapewi anwani, hupiga simu akiwa ameshapotea: "Mama, mimi nipo msikitini, nipite wapi?" Nawe humwongoza kwa duka la sabuni na gari jeupe mpaka afike. Kisha unafungua mlango, unapokea, unashukuru.

Dada yangu hakuweza kufungua mlango. Alikuwa kwenye eda.

Kwa msomaji asiyejua: mke akifiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi, katika nyumba waliyoishi, wala haonani na wanaume wa kando. Wanavyuoni hawakazi kila jambo, lakini dada alifuata eda ya bibi zetu. Nguo nyeupe, hakuna manukato, na hata sauti yake mwanamume asiisikie. Nyumba yao iko Maskati yenyewe, ile ya ndani ya ukuta, penye kasri na wizara, ambako wakaazi wamebaki wachache sana. Uchochoro wao una milango saba. Sita imefungwa, na mingine bawaba zake zimeshika kutu.

Usiku nililala kwake. Asubuhi nilikwenda shule, nikirudi saa nane. Katikati hapo alikuwa peke yake, na hapo ndipo balaa lilipoingia. Mirathi ina karatasi nyingi. Siku moja alikuja mtu wa kuleta nyaraka, akagonga kwa nguvu, na dada, kwa kudhani ni mimi nimesahau ufunguo, akafungua kichwa wazi. Mwanawe wa pekee, anayeishi Sib, alikuwa ndiyo kwanza anaegesha gari. Akayaona yote.

"Mama, mlango huu ukifunguliwa tena kwa mwanamume, nnakuchukua," alisema jioni ile. "Kwangu kuna watu. Hapa unakaa na kuta."

"Nnakaa na eda yangu," dada akamjibu. "Nyumba aliyofia babako sitoki mpaka siku zangu zishe. Ukitaka kunitoa, nibebe kama jeneza."

Kijana akanitazama mimi. Si mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki: mama ana miaka sabini na mbili, na uchochoro mzima hauna wa kusikia akianguka. Nikamwambia anipe siku tatu, mlango hautafunguliwa tena.

Basi nikaenda Ruwi. Kuna duka la vifaa vya milango ambalo mwenyewe ni Mhindi aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake kina utamu kuliko changu. Nilipomwambia nataka kifuniko cha tundu la barua, aliweka chai yake chini.

"Barua? Dada, nani anakuandikia?"

"Hilo si la kuuliza mteja."

"Mimi nauliza kama ndugu. Kitu hicho nnacho kimoja tu, kimekaa kwenye boksi tangu nywele zangu nyeusi. Alikiagiza mzungu mmoja, akahama kabla hakijafika." Alipanda ngazi, akashuka na kibati cha shaba kilichofungwa kwenye gazeti. "Chukua. Kilikuwa kinakungoja wewe."

Alisema kwa mzaha, na mimi nilicheka.

Sasa kazi yenyewe. Tundu la aina hii lina bamba la shaba la nje, lenye kifuniko kilichoning'inia juu kwa bawaba ndogo. Kifuniko husukumwa kwenda ndani. Ukikiachia, springi hukirudisha kwa kishindo: tak. Hicho kishindo kikumbuke.

Mlango wa dada ni wa msaji, unene wa vidole viwili. Nilipima, nikachora mstari kwa penseli, nikahakikisha kwa pima maji kwamba haukupinda. Hapo dada, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda ukumbini, akasema, "Shusha chini. Nikiwa nimekaa nifikie." Nikashusha, ukawa usawa wa goti na kidogo zaidi. Kisha nikabandika utepe wa karatasi juu ya mstari ili mbao isichanike, nikatoboa shimo kila pembe kwa keekee ya umeme, nikaingiza msumeno kwenye shimo la kwanza na kuufuata mstari polepole. Usiusukume msumeno. Uache ule wenyewe.

"Bwana wangu hakukubali hata msumari kwenye mlango huu," dada alisema akiwa ameziba pua kwa upande wa nguo.

"Angeelewa."

"Angeelewa, lakini angekuja kuangalia umekata vipi."

Kipande cha mbao kilipodondoka, ukumbi wote ukabadilika sauti. Sijui nielezeje vizuri zaidi. Kama mtu aliyeondoa mkono sikioni. Tulisikia uchochoro: hakukuwa na kitu, na hicho kitu ambacho hakikuwepo tulikisikia. Dada aliinama akachungulia. "Naona ukuta wa jirani na paka," akasema. Kisha akachukua kile kipande cha mbao na kukitia kwenye kabati lake la nguo.

Nikasugua kingo kwa msasa, nikazipaka mafuta ili unyevu wa bahari usiingie, nikakaza bamba kwa skrubu nne. Tukapatana na dada utaratibu. Mleta karatasi atasukuma karatasi ndani. Dada, bila kutoa sauti, atagonga mlango mara mbili kwa ndani, maana yake: imefika, nenda salama. Nikaandika maelezo hayo kwa Kiarabu na kwa Kiingereza na kuyabandika juu ya shaba.

Karatasi ya kwanza ilifika wiki ile, ya pili wiki iliyofuata, ya tatu baada ya mwezi. Mwana akaja, akacheza na kifuniko, tak, tak, akanibusu kichwa. "Mama mdogo, wewe ungekuwa mhandisi." Nikajiona nimemaliza.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja niliporudi kutoka shule na kumkuta dada ameketi kwenye kigoda chake mbele ya mlango, mikono mapajani, uso umetulia kuliko nilivyouona tangu msiba.

"Kimesukumwa leo," akasema.

"Karatasi gani?"

"Hakuna karatasi. Kimesukumwa tu. Saa tano na kitu."

Saa tano na kitu ndiyo saa ambayo shemeji alikuwa akirudi na mkate. Tangu alipostaafu wizarani, kila siku aliipita barabara ya ufukweni kwenda dukani na kurudi. Mkate mkono wa kulia, kwa sababu ni riziki, na mlango akiusukuma kwa wa kushoto. Nilijua dada alichokuwa anafikiri. Nikakaa karibu naye nikamweleza, kama ninavyoeleza darasani. Jikoni kuna feni inayotoa moshi nje. Madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Feni ikivuta hewa, nyumba inatafuta hewa nyingine, na njia iliyo wazi ni moja tu: tundu nililolitoboa mimi. Kifuniko kinavutwa ndani. Ndiyo hivyo tu.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. "Feni sikuiwasha leo," akasema. "Sikupika. Nilikula tende."

Nikaikaza springi mizunguko miwili zaidi. Nikazungushia ukingo wa ndani kitambaa kizito na kukigandisha kwa gundi. Nilijaribu kwa kupuliza, kwa kupepea, kwa kuufungua mlango wa nyuma na kuubamiza. Kifuniko hakikutikisika.

Kesho yake kilisukumwa. Na kesho kutwa.

Alhamisi niliomba ruhusa shuleni. Tulikaa ukumbini, yeye kwenye kigoda, mimi sakafuni nikiwa nimeegemea ukuta, macho yangu usawa wa shaba. Feni imezimwa. Kiyoyozi kimezimwa pia, kwa amri yangu, na jasho likinitiririka mgongoni. Maskati saa tano, joto likishaanza, haina sauti. Magari ya wizara yapo, lakini yako mbali, kama ya mji mwingine. Dada alikuwa akivuta tasbihi. Kisha akaacha.

Mstari wa mwanga ulitokea chini ya kifuniko. Mwembamba kwanza, kama uzi. Ukapanuka. Kifuniko kilikuwa kinaingia ndani polepole, upande mmoja, ule wa kushoto kwa aliye nje, kidogo kabla ya mwingine, kama kinavyofanya chochote kinachosukumwa na kidole kimoja. Nilitafuta ncha ya kidole kwa macho. Palikuwa na mwanga tu. Kikakaa hivyo kwa muda wa pumzi nne au tano. Kisha kikarudi.

Nilikwambia ukikumbuke kile kishindo. Hakikuwepo. Springi niliyoikaza kwa mkono wangu ilikirudisha kifuniko taratibu, ikakilaza mahali pake bila sauti, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Upepo haujui kufanya hivyo. Nimefikiri sana, na sijui kitu kingine kinachojua isipokuwa mkono.

Dada alinyoosha mkono wake akagonga mbao mara mbili.

Niliruka, nikafungua mlango. Uchochoro ulikuwa mweupe kwa jua, mtupu kutoka pembe hadi pembe. Paka alikuwa amelala kwenye kivuli cha mlango wa tano na hakuinua kichwa. Nikagusa ile shaba, na nikautoa mkono upesi. Ilikuwa imepata jua tangu asubuhi na iliniunguza. Nikasimama pale nikilamba kidole na kujiuliza ni nani angeweza kuibonyeza kwa muda wa pumzi tano.

"Funga," dada akasema ndani. "Joto linaingia."

Jioni hiyo hiyo mwanawe alipiga simu, kama kawaida, kumwuliza hali. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia dada akijibu kwa furaha, bila kuficha hata kidogo:

"Sijambo mwanangu. Na babako hajambo, amekuja leo."

Baada ya dakika moja simu yangu ikalia.

"Mama mdogo. Mama anazungumza na mlango?"

Nilipunguza moto chini ya sufuria.

"Jumamosi nnakuja," akasema. "Nitakaa mwenyewe nione. Ikiwa akili yake imeguswa, hakai hapo hata siku moja, eda ama si eda. Mungu ni mwenye kusamehe."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane.

Nataka kuyasema haya wazi, kwa sababu mimi ndiye niliyeyafanya. Maisha yangu yote nimewaambia wasichana wangu kwamba jaribio halipangwi ili lilete jibu unalolitaka. Jumamosi asubuhi, dada akiwa anaoga, nilichukua bisibisi nikaitegua springi. Nikakibandua kile kitambaa kizito chote. Kifuniko kikawa kinaning'inia kama jino bovu. Kisha nikaweka chungu cha mchuzi motoni na kuiwasha feni ya jikoni kwa nguvu zake zote.

Mwana alikuja saa nne na nusu, akaketi kwenye kigoda cha mama yake akiwa na kanzu yake nyeupe, magoti yamemfika kifuani. Hatukungoja. Tak, tak-tak, tak. Kifuniko kilirukaruka kama kina homa.

"Ni hiki?" akauliza.

"Ni hiki." Nikachukua karatasi laini ya kufutia mikono, nikaishika mbele ya tundu. Ikavutwa ndani ikanyooka kama bendera. "Zima feni," nikamwambia. Akaenda akazima, karatasi ikalala, kifuniko kikatulia. "Iwashe." Kikaanza tena. Nikamweleza hewa inavyotafuta njia. Nilieleza vizuri. Pengine sijapata kueleza somo lolote vizuri kuliko lile.

Akacheka mpaka akajifuta macho. Na ninadhani hayakuwa machozi ya kicheko pekee. "Maskini mama. Ni upepo tu. Mimi nimekaa siku mbili silali." Akasimama. "Na wewe mama mdogo, hata nyumbani unafundisha. Basi, akae amalize siku zake."

Alimpa mama yake salamu kwenye mlango wa chumba, akaondoka kabla ya saa tano.

Dada alitoka chumbani. Alikuwa amesikia kila neno. Alisimama mbele ya mlango akikitazama kifuniko kinavyorukaruka: tak, tak.

"Umeufanya nini mlango wangu?"

"Nimekubakisha hapa, dada."

"Umenibakisha na nani?" Alisema polepole, bila hasira. "Sasa kikisukumwa, nitajuaje? Umemchanganya na upepo."

Nilizima feni, lakini saa tano ilikuwa imeshapita sisi tukibishana, na kama kuna kitu kilichotokea hatukukiona. Mchana ule hakula. Nilikaa sakafuni nikarudisha springi, nikaikaza, nikabandika kitambaa kipya, kazi ambayo siku ya kwanza niliifanya nikiimba.

Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi, nilirudi kutoka shule: hajala. Jumatatu: hajala, isipokuwa chai. Aliketi kwenye kigoda tangu saa nne mpaka Adhuhuri, akaswali, akarudi kukaa. Nilimwambia maneno ya kutia moyo, na aliyapokea kwa adabu kama mtu anayepewa sahani asiyoitaka. Nilianza kufikiri kwamba mwanawe alikuwa na haki tangu mwanzo, na kwamba mimi, kwa kumwokolea eda yake, nimemwulia nusu ya eda yenyewe.

Jumanne nilipofungua mlango harufu ya samaki wa kukaanga ilinipokea. Dada alikuwa jikoni, sahani mkononi, anakula akiwa wima, kitu ambacho alitukataza sisi sote tangu utotoni.

"Nawa mikono," akasema, mdomo umejaa. "Nimekubakishia kichwa."

Sikumwuliza. Naye hakuniambia. Ila kuanzia siku ile, mwanawe alipopiga simu na kuuliza "Upepo hajambo, mama?", dada alijibu "Hajambo," akanikonyeza.

Siku zikatimia. Asubuhi ile alioga, akavaa nguo ya rangi ya zambarau, akafukiza udi kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi. Mwanawe alikuwa anatungoja mwisho wa uchochoro na gari, tukale wote Sib kisha arudishwe nyumbani kwake. Dada alikuwa amebeba mikate aliyoipika mwenyewe, imefungwa kwa kitambaa, mkono wa kulia. Alivuka kizingiti. Nikafunga mlango nyuma yetu.

Akageuka kuutazama. Tangu nilipolifunga lile bamba hakuwahi kuliona kwa nje.

Shaba iliyo wazi karibu na bahari huanza kufifia upesi. Ikipita miezi, inakuwa kahawia na kuota ukijani kwenye pembe. Hiyo nayo ilikuwa hivyo, kote, isipokuwa mahali pamoja upande wa kushoto, chini. Hapo palikuwa na doa la mviringo linalong'aa kama pete mpya.

Nikafungua mdomo. Maelezo ninayo. Walikuja watu watatu na karatasi. Mtu mwenye adabu hutoa kitu kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kifuniko hukisukuma kwa dole gumba la kushoto, na hapo ndipo dole gumba la kushoto linapotua.

"Eleza, mwalimu," dada akasema akinitazama kwa jicho la mzaha. "Mbona umenyamaza?"

Kisha akainama, mikate mkono wa kulia, akaweka dole gumba lake la kushoto juu ya lile doa. Dada yangu ana mikono midogo. Doa lilibaki likionekana pande zote za kidole chake, pana, kama kiatu cha mtu mzima kilichovaliwa na mtoto. Akasukuma. Akachungulia ndani ya nyumba yake kwa muda. Akakirudisha kifuniko polepole, bila kishindo.

"Sawa," akasema. "Twende. Kijana anaungua huko garini."

Dada bado anaishi pale, na mwanawe hataji tena habari ya kumhamisha. Mimi huenda kila mwisho wa mwezi kuangalia kazi yangu, kama inavyompasa kila fundi. Natia mafuta kwenye bawaba. Naisugua shaba kwa ndimu na chumvi, kisha naisuuza kwa maji na kuikausha vizuri, nawe fanya hivyo hivyo. Sehemu ile ya kushoto huwa siisugui. Haijawahi kuhitaji.